Kujibu Maswali kwa Simu: Je, Ujira Wake Watosha?

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu wenye watoto huko Tabata, Dar es Salaam, mmeuliza afisini juu ya kazi inayosifiwa sana na vijana, nayo ni kujibu maswali kwa simu kupitia intaneti na kulipwa. Kijana humwambia mzee wake kwamba amepata kazi, ila anahitaji fedha kidogo za kuanzia. Fedha hiyo ni ya karafuu, na mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Kwa hiyo yafaa tulipime jambo hili kabla ya kufungua kibindo.

Kwanza, kazi hii ipo kweli. Mwenye kiwanda cha sabuni hutaka kujua watu hununua sabuni gani na kwa nini, naye huwalipa watafiti wamuulizie. Kampuni ya GeoPoll, kwa mfano, huuliza kwa ujumbe mfupi na kutoa muda wa maongezi. Wengine hulipa kwa dola.

Lakini mtafiti hataki kila mtu. Huanza kwa kuuliza umri, mtaa na kazi. Akiwa ameshapata vijana wa kutosha wa Dar es Salaam, humwambia anayefuata kwamba nafasi zimejaa, na dakika alizotumia hazilipwi. Wako wanaodanganya kuwa wanakaa London ili wapate maswali mengi zaidi. Huo ni uongo kwa ujira, na wakigunduliwa hufungiwa na kukosa hata walichokwisha kukichuma.

Sasa tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme dodoso moja hulipa nusu dola na huchukua dakika 20. Kabla ya kulipata, kijana amekataliwa mara tatu, kila mara dakika 5. Jumla ni dakika 35. Ikiwa hawezi kutoa fedha mpaka zifike dola 10, itambidi ajibu madodoso 20, yaani saa 11 na dakika 40. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, atapata shilingi 25,000 kabla ya kutoa gharama ya bando.

Mtu atasema ujira huo kwa saa si mbaya. Ni kweli, lakini je, maswali huja kila siku? Yakija mawili kwa juma, zile shilingi 25,000 zitachukua majuma kumi. Sisi twajua kwamba karafuu mbichi haipimwi kwa uzito wa kavu. Baada ya kuanikwa hubaki kama theluthi moja. Ujira huu nao hukauka vivyo hivyo.

Hatari kubwa zaidi ni wale wanaotaka ada. Mwaka 2009 watu wengi walipoteza akiba zao katika upatu wa DECI. Mwaka 2025 polisi waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kwa ajili ya LBL, iliyoahidi malipo kwa kazi ndogo ndogo za simuni baada ya mtu kuweka fedha. Jina hubadilika, mtego ni ule ule. Mchumaji hampi mwenye shamba fedha ndipo apande mkarafuu. Anayeajiri ndiye anayelipa.

Kadhalika, kijana asitoe namba ya siri wala picha ya kitambulisho chake kwa asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imempa haki ya kujua habari zake zachukuliwa kwa kazi gani. Na ujumbe wa kitapeli, wa namna ya “ile pesa tuma kwenye namba hii”, upelekwe namba 15040.

Basi jibu letu ni hili. Kijana aliyekaa ndani ya daladala kwenye foleni ya Segerea na ajibu maswali yake, apate vocha, hapana ubaya. Lakini asiache ufundi anaojifunza wala genge lake kwa ajili ya kazi hii, na asiiite ajira. Nawe mzazi, akikuomba fedha ya kujiandikisha, usimpe. Akiomba ya kununulia cherehani au vyombo vya ufundi, kaa naye mzungumze.

Wa billahi taufiq.

Katibu