Kuweka Rehani Upya Nyumba Iliyonunuliwa Karibuni



Wanachama huuliza kama nyumba iliyonunuliwa kwa mkopo yaweza kuwekwa rehani upya mapema, ili mkopo wa pili wenye riba nafuu ulipe ule wa kwanza. Yaweza, lakini hesabu itangulie.

Tuchukue mkopo wa sh. 20,000,000, wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya salio. Malipo ya mwezi ni kama sh. 280,000. Mwezi wa kwanza, sh. 250,000 ni riba tupu. Mwaka ukiisha, mwanachama amekwisha kulipa zaidi ya sh. 3,350,000, bali deni limepungua kwa sh. 385,000 hivi tu. Gharama za uthamini na usajili, pamoja na tozo ya kulipa mapema iwapo imo mkatabani, zaweza kumeza nafuu yote iliyotarajiwa.

Aidha, kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka ridhaa ya mume au mke kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani.

Kamati za mikopo ziyapime haya. Mwanachama akishindwa kulipa, kinachouzwa ni makazi ya watoto wake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika