Kutoka Jiliwa hadi Kiini cha Atomu: Uanagenzi wa John Cockcroft

Katika shule nyingi za sekondari kuna imani iliyoota mizizi, kwamba kazi ya mikono ni ya yule aliyeshindwa na vitabu. Mwanafunzi hodari wa fizikia huelekezwa chuo kikuu. Aliyepata alama hafifu huambiwa akashike tupa na nyundo. Historia ya sayansi haikubaliani na mgawanyo huo. Mwaka 1932 watu wawili walipasua kiini cha atomu kwa chembe zilizosukumwa na mashine, jambo ambalo halijapata kufanyika kabla ya hapo. Mmoja wao, miaka kumi nyuma, alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha mitambo ya umeme.

KIWANDA CHA TRAFFORD PARK

John Cockcroft alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, katika jamaa ya watengenezaji wa nguo za pamba. Alianza kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1914, lakini vita vikuu vya kwanza vilimkatiza masomo, akatumika katika kikosi cha mizinga. Aliporejea alibadili njia: akasoma uhandisi wa umeme katika Chuo cha Teknolojia cha Manchester, akahitimu mwaka 1920. Hapo akaingia kampuni ya Metropolitan-Vickers kuwa mwanagenzi kwa miaka miwili.

Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda kikubwa mno huko Trafford Park, kando ya Manchester. Ilitengeneza jenereta, transfoma, swichi za umeme mkubwa, na mota za kuendeshea treni. Miongoni mwa wanagenzi wake walikuwamo wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa vijana waliotoka shule moja kwa moja, ambao walijifunza ufundi mmoja kwa miaka kadhaa mpaka wakawa mafundi kamili. Wa pili walikuwa wahitimu wa vyuo, kama Cockcroft, ambao walihamishwa kutoka idara hadi idara ili waione kazi yote ya uhandisi, tangu mchoro hadi mtambo uliokamilika.

MWANAGENZI HUJIFUNZA NINI

Anayetazama kwa mbali hudhani kwamba mwanagenzi hujifunza kutumia zana tu. Tuchukue zoezi moja lililozoeleka katika karakana za uhandisi. Kijana hupewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, akaambiwa akifanye kipande hicho kiwe mraba kamili. Husugua, hupima, husugua tena. Akisawazisha upande mmoja, hukuta upande wa pili umepinda. Akiurekebisha wa pili, wa kwanza nao umepungua kuliko kipimo. Baada ya siku kadhaa hutambua kwamba mstari mnyoofu, ambao katika kitabu cha jometri huchorwa kwa nukta moja ya wakati, katika chuma hupatikana kwa jasho, tena haupatikani kwa ukamilifu. Daima pana kosa lililobaki. Kazi ya mhandisi ni kulijua kosa hilo ni kubwa kiasi gani, na kama mtambo waweza kulivumilia.

Katika kiwanda cha umeme kuna funzo jingine. Umeme wa volti nyingi sana hupenda kutorokea penye ncha kali. Ukwaruzo mdogo ulioachwa na tupa kwenye ukingo wa chuma waweza kuwa mlango wa kuupitishia cheche. Ndiyo sababu sehemu za mitambo ya namna hiyo hutengenezwa kwa umbo la mviringo na kulainishwa. Vivyo hivyo, kihami kinachoonekana kizima kwa macho chaweza kuwa na ufa au unyevu ndani yake. Udhaifu huo hugunduliwa pale transfoma inapopelekwa chumba cha majaribio na kutiwa volti zinazozidi zile za kazi yake ya kila siku.

Funzo la tatu haliandikwi katika mchoro wowote. Mwanagenzi hujua nani hufanya nini. Hujua fundi yupi aulizwe habari za kuungia vioo, na yupi habari za kusuka nyaya. Hujua pia kusema nao kwa heshima, maana fundi mkuu asiyemaliza shule aweza kumwokoa mhitimu wa chuo na kosa la gharama kubwa.

TATIZO LA CAMBRIDGE

Mwaka 1922 Cockcroft alikwenda Cambridge kuendelea na hisabati, na kampuni ilimsaidia kwa fedha. Baadaye aliingia maabara ya Cavendish, iliyoongozwa na Ernest Rutherford. Wakati huo wanafizikia walitaka kukivunja kiini cha atomu kwa kukipiga na protoni. Ilidhaniwa kwamba zingehitajika volti milioni kadhaa ili kuisukuma protoni ishinde nguvu ya kiini inayoifukuza, na hapakuwa na mtambo wa kutoa volti hizo.

Mwaka 1928 nadharia mpya ya George Gamow ilionyesha kwamba chembe yaweza mara chache kupenya kizuizi hata kama nishati yake haitoshi kukiruka. Cockcroft alipiga hesabu akaona kwamba volti laki chache zingetosha. Hapo hisabati ilikutana na karakana, kwa kuwa volti laki chache zilikuwa karibu na kile ambacho wahandisi wa umeme walijua kukitengeneza.

Pamoja na Ernest Walton, kijana kutoka Ireland, alijenga mtambo wenye transfoma, vali za kugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Mpango huo ulizidisha volti za transfoma mara nne, zikafikia takriban 700,000. Transfoma ilitoka Metropolitan-Vickers. Mabomba ya kioo yalitokana na mitungi ya pampu za petroli. Viungo vilizibwa ili hewa isiingie, maana protoni husafiri vizuri katika ombwe tu. Na mafuta maalumu yaliyosaidia kupata ombwe hilo yaligunduliwa na mtafiti wa kampuni ile ile, C. R. Burch.

Tarehe 14 Aprili 1932 Walton aliingia katika kibanda kilichokingwa kwa risasi chini ya mtambo, akaona vimweko vidogo kwenye kioo chenye salfaidi ya zinki. Kila protoni iliyopiga sawasawa kiini cha lithiamu ilikipasua kuwa viini viwili vya heliamu. Tungamo kidogo lilikuwa limepotea na kugeuka nishati, kama Albert Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Kwa kazi hiyo Cockcroft na Walton walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1951.

MINARA YA WINDSCALE

Desturi ya kuuliza ni wapi mtambo utaharibika haikumtoka Cockcroft. Baada ya vita vya pili, Uingereza ilipojenga tanuri mbili za nyuklia huko Windscale zilizopozwa kwa hewa, alisisitiza kwamba vichujio viwekwe kwenye minara ya kutolea hewa hiyo. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza, basi vichujio vikalazimika kuwekwa juu kabisa, kwa gharama na usumbufu mwingi. Watu walivicheka, wakaviita upuuzi wa Cockcroft. Mwezi Oktoba 1957 tanuri moja ilishika moto. Iodini yenye mnururisho ilitoroka, na maziwa ya mashamba ya jirani yakamwagwa. Lakini vichujio vilinasa sehemu kubwa ya vumbi la hatari ambalo lingeenea juu ya nchi. Tangu siku hiyo kicheko kilikoma.

Jina la Metropolitan-Vickers liliachwa kutumika mwaka 1960, na Cockcroft alifariki mwaka 1967. Zoezi la tupa na jiliwa lingali linafanywa katika vyuo vya ufundi, na mwalimu wa fizikia aliye jirani na chuo cha namna hiyo aweza kuwapeleka wanafunzi wake asubuhi moja wakalijaribu. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mwanafunzi atakayerudi darasani na kipande cha chuma alichokisugua mwenyewe, pamoja na kipimo cha kosa lililobaki, atakuwa ameanza kuelewa kwa nini hesabu ya Cockcroft haikubaki kwenye karatasi.