Shamba lilikwenda, barua zikabaki

Mzazi, ukilazimika kuhama leo, utawabebea nini wanao?

Kijiji cha Krzyżowa kipo Silesia, kusini-magharibi mwa Poland. Enzi za Ujerumani kiliitwa Kreisau. Mwaka 1867 jemadari Helmuth von Moltke alinunua shamba kubwa la hapo, ukoo wake ukalirithi. Januari 1945 mrithi, Helmuth James, alinyongwa kwa kuwapinga Wanazi. Mkewe, Freya, alikuwa ameficha barua zake kwenye mizinga ya nyuki.

Baada ya vita mpaka ulisogezwa, Freya akaondoka na wanawe wawili. Shamba likawa la serikali ya Poland. Leo vijana wa mataifa mbalimbali hukutana hapo. Barua zilichapishwa vitabuni.

Ardhi hubadili wenyewe. Waandikie wanao.