Bodi za saketi zisivunjwe kwa mikono: Hasara hujitokeza baadaye

MALORI mengi yanayopitisha shehena Malaba na Busia kuelekea Uganda huwa yamefungwa makufuli ya kielektroniki kwenye milango ya makontena. Makufuli hayo ni sehemu ya mfumo wa kufuatilia mizigo ulioanzishwa mwaka wa 2017 na mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda. Ndani ya kila kufuli, sawa na ndani ya simu, redio au taa ya sola, mna bodi ya saketi.

Bodi hizo kwa kawaida hazitengenezwi moja moja. Kiwanda huzipanga kadhaa kwenye ubao mmoja mpana uitwao paneli, ili mashine ilehemu vipuri vyote kwa mkupuo mmoja. Baadaye sharti zitenganishwe, na hapo ndipo kazi njema huharibika.

Fundi asiye na mashine hushawishika kuikunja paneli kama avunjaye biskuti. Paneli hupinda, lakini vipuri vilivyolehemiwa juu yake havipindi. Vinavyoumia zaidi ni kapasita za kauri, ambazo hupasuka ndani kwa ndani bila jicho kuona. Bodi hufaulu majaribio siku hiyo. Miezi michache baadaye unyevu hupenya kwenye ufa, umeme huvuja, na kifaa huzimika au hata kuungua. Mteja huilaumu betri.

Bodi za tabaka nyingi zina hatari ya ziada, kwa kuwa shaba yake imelazwa pia katikati. Msumeno ukipita penye shaba hiyo, chembe zake zaweza kuunganisha tabaka zisizopaswa kugusana, na kusababisha shoti.

Kinga huanza kabla ya paneli kuagizwa, na zipo njia mbili za bei nafuu. Ya kwanza ni kiwanda kuchonga mfuo wenye umbo la V juu na chini ya mstari wa kutenganisha, kikibakiza takriban theluthi moja ya unene. Bodi ya milimita 1.6 hubaki na kama nusu milimita. Njia hii hufaa mistari iliyonyooka. Ya pili ni kuzishikanisha bodi kwa vidaraja vyenye matundu madogo, mfano wa kingo za stempu za posta. Hii hufaa umbo lolote, ingawa huacha meno yanayohitaji tupa.

Mchoraji naye aziweke kapasita za kauri milimita tano au zaidi kutoka kwenye mfuo, urefu wake ukiwa sambamba nao. Shaba ya ndani iishie walau nusu milimita kabla ya ukingo.

Wakati wa kukata, kifaa cha mkono chenye gurudumu la makali linaloviringika ndani ya mfuo huipinda bodi kidogo kuliko vidole, na bei yake haikaribii ile ya mashine ya leza. Vidaraja vikatwe kwa koleo kimoja kimoja, bodi ikiwa imelazwa mezani.

Fundi asijisahau mwenyewe. Bodi nyingi ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi. Vumbi lake huwasha ngozi na macho, na chembe ndogo huingia mapafuni. Avae miwani na barakoa ya kuchuja vumbi, na meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isipulizwe wala kufagiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri nchini Kenya kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga.

Kazi ya kuunganisha vifaa vya kielektroniki imeanza kuota mizizi. Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, Kaunti ya Machakos. Karakana ndogo ya Busia au Malaba haina mtaji wa kiwanda kama hicho, lakini kuagiza paneli yenye mfuo na kununua gurudumu la kukatia si mzigo mkubwa. Mzigo mkubwa ni kifaa kurudishwa na mteja aliyekwisha kupoteza imani.