Tangi la Duara Halihitaji Unene

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mama mmoja wa Igogo ambaye tangi lake la tofali limepasuka kwenye kona: "Mhandisi, nikiongeza lipu ya inchi mbili si litashika?" Halitashika, mama. Swali hilihili nimelijibu Mabatini, nimelijibu Bwiru, na kila nikifika fundi wa lipu ameshalipwa.

Watu wanaamini ukuta mnene ndio wenye nguvu. Kwa ukuta unaobeba paa, sawa. Lakini maji yanasukuma kwa ubavu, na kina kikiongezeka msukumo nao unaongezeka. Ukuta bapa ukisukumwa unapinda, na tofali la saruji linastahimili kubanwa, halistahimili kuvutwa. Ukuta mrefu wenye unene wa sentimita 15 na usio na nondo, ukizuia maji ya kimo cha mita 2, unavutwa kwenye kitako chake takriban mara kumi ya uwezo wake. Ongeza hizo inchi mbili, tuseme zimeshikana na ukuta kama jiwe moja: mvuto haupungui hata nusu.

Na hazishikani. Gonga lipu ya nyongeza kwa kifundo cha kidole baada ya miezi michache, utasikia inalia kama debe tupu. Imesinyaa, imeachana na ukuta wa zamani, maji yamepita nyuma yake na kutoka nje kwenye ufa uleule, ambao sasa una mstari mweupe wa chokaa. Fundi akizidisha saruji, inasinyaa zaidi. Niru juu yake inaficha ufa tu.

Bibi zetu walifinyanga mitungi myembamba, ya duara. Tangi la duara la kipenyo cha mita 2.5 na kimo kilekile cha mita 2 linabeba karibu lita 9,800, na ukuta wake karibu wote haupindi, unavutika kuzunguka. Chini kabisa mvuto huo ni kama tani 2.5 kwa kila mita ya kimo, na anayeubeba ni waya uliozungushwa ndani ya ukuta. Saruji inaziba maji na kuukinga waya na kutu, basi. Ndiyo maana sentimita 4 zinatosha. Félix Candela aliezeka mgahawa wa Los Manantiales kule Mexico mwaka 1958 kwa ganda la zege la unene huohuo.

Kwa hiyo: tangi la mraba ulilonalo jaza nusu tu, maana kina kikishuka nusu, mpindo unapungua mara nane. Jipya liwe duara. Wavu wa kuku ndani na nje, waya wa milimita 3 uzungushwe kila sentimita 4 chini, ukiachanishwa kadiri unavyopanda. Saruji ndoo 1, mchanga uliooshwa ndoo 3, maji kidogo. Msingi wote ukae juu ya mwamba au wote juu ya udongo ulioshindiliwa. Nusu kwa nusu, kama tunavyopenda kwenye vilima vyetu, utakatika. Funika magunia mabichi, mwagilia siku 14. Huna fundi anayejua wavu? Nunua la plastiki.

Yule mama nimemshauri avunje kuta zote nne na kubakiza sakafu. Ni nzima, imekaa juu ya mwamba, na duara la mita 2.5 linaenea juu yake.