Kioo cha laptopu kimevurugika? Usimkaripie mtoto kwanza

Jumatatu asubuhi mzazi anafungua laptopu apige hesabu za duka au amalizie kuchapa mtihani wa wanafunzi wake. Anakuta kila kitu kimekuwa kikubwa kama bango la barabarani. Alama za mafaili zimerundikana upande mmoja, Excel inaonyesha mistari michache tu, na maandishi yana ukungu. Anaitwa mtoto aliyeitumia jana yake. Mtoto anaapa kwamba hakugusa kitu, na hapo ndipo nyumba inapochafuka.

Mara nyingi mtoto huyo anasema kweli. Aliyegusa ni gemu lenyewe.

Magemu ya zamani yamerudi majumbani kwa sababu inayoeleweka: kompyuta nyingi za familia ni za mtumba, na magemu ya sasa yanazishinda nguvu. Gemu kama Age of Empires, lililotoka mwaka 1997, au The Sims la mwaka 2000, halihitaji mashine ya bei mbaya. Wapo akina baba na akina mama waliowahi kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe ili wacheze magemu hayo hayo, na leo wanayatafutia watoto wao. Si wazo baya. Gemu la kujenga mji au kupanga mashamba linamfikirisha mtoto kuliko kutazama video fupi moja baada ya nyingine.

Tatizo ni kioo. Picha ya kompyuta imeundwa kwa vinukta, na idadi ya vinukta hivyo ndiyo mafundi huiita rezolusheni. Magemu mengi ya miaka ya 1990 yalitengenezwa kwa vinukta 640 kwa 480, au 800 kwa 600. Laptopu nyingi za mtumba zina 1366 kwa 768, na vioo vingi vya sasa vina 1920 kwa 1080, yaani vinukta zaidi ya milioni mbili dhidi ya laki tatu na ushee za gemu. Kwa hiyo gemu likifunguka, linaiamuru kompyuta ishushe rezolusheni. Likifungwa vizuri linairudisha. Likikwama katikati, au mtoto akalizima kwa pupa aliposikia geti linafunguliwa, kioo kinaweza kubaki pale pale lilipokiacha.

Zamani, kwenye vioo vile vyenye chogo, jambo hili halikuonekana sana, kwa kuwa viliweza kuchora picha kwa rezolusheni tofauti bila kuiharibu mno. Kioo bapa cha leo kina vinukta vyake vya kudumu. Kikilazimishwa kuonyesha idadi nyingine kinaivuta picha, na ndiyo maana maandishi yanapata ukungu na watu ndani ya gemu wananenepa. Kioo hakijaungua wala hakijaharibika.

Kukirudisha ni kazi ya dakika moja. Bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye kioo, chagua Display settings, shuka hadi Display resolution, kisha chagua ile iliyoandikwa Recommended. Windows itauliza kama ubaki na mabadiliko hayo. Kubali. Usipojibu, baada ya sekunde 15 inarudi ilipokuwa, na hili ni jambo zuri kulifahamu: hata ukichagua vibaya kioo kikawa cheusi, tulia tu bila kugusa kitu.

Mtoto wa miaka 10 anaweza kufundishwa hatua hizo na akazimudu. Pengine ni bora zijulikane na mtoto kuliko mzazi, maana anayejua kurekebisha hana sababu ya kuficha. Fundi anayeitwa kwa haraka anaweza kushauri kompyuta ipigwe Windows upya, na kazi hiyo ikifanywa bila kunakili mafaili kwanza, picha za familia na hesabu za mwaka mzima zinaondoka. Kwa tatizo la rezolusheni, hakuna haja hata kidogo.

Kwa nyumba ambayo gemu linachezwa kila wikendi, ipo njia ya kumaliza usumbufu. Bofya kitufe cha kulia kwenye alama ya gemu, ingia Properties, halafu Compatibility, na uweke tiki penye Run in 640 x 480 screen resolution. Inafaa kwa magemu ya kale kabisa. Kwa mengine, jaribu kwanza kubonyeza Alt na Enter kwa pamoja wakati gemu limefunguka. Baadhi yake yanahamia kwenye dirisha dogo na kuacha kioo kama kilivyo.

Wanaopenda kuchokonoa kompyuta hutumia programu ndogo ya bure iitwayo NirCmd. Wanaandika faili fupi lenye mistari mitatu: wa kwanza unashusha rezolusheni, wa pili unafungua gemu na kusubiri lifungwe, wa tatu unairudisha. Uzuri wake ni kwamba hata gemu likianguka, mstari wa tatu bado unafanya kazi. Mtoto anabofya alama moja tu. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768, chaguo zuri ni 1024 kwa 768 ikiwa gemu linaikubali, kwa sababu urefu wa kwenda juu unalingana na wa kioo. Kwenye mipangilio ya grafiki ukichagua picha isivutwe, itabaki mistari myeusi pembeni kushoto na kulia. Watoto huilalamikia mistari hiyo siku ya kwanza, kisha wanaisahau.

Hatari yenyewe iko kwingine. Mtoto ambaye gemu lake limegoma kufunguka huingia mtandaoni kutafuta dawa, na huko amejaa mtu anayemwahidi programu ya kurekebisha kioo au gemu la bure lisilo na leseni. Ndani yake huweza kuwamo virusi vya kuiba nywila, kwenye kompyuta hiyo hiyo ambayo mama anaitumia kuingia benki. NirCmd ichukuliwe kwenye tovuti ya NirSoft, wanaoitengeneza, na ipakuliwe na mzazi mwenyewe. Magemu ya zamani yaliyokwisha kurekebishwa kwa kompyuta za sasa yanauzwa kihalali kwenye duka la GOG, mengi kwa bei ndogo.

Na mtoto afunguliwe akaunti yake ndani ya Windows, ile ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi. Akijaribu kusakinisha programu inayogusa mfumo mzima, kompyuta itadai nywila ya mzazi, naye itabidi aje aombe.