Kibali, Ruhusa na Uamuzi wa Kusimama: Jinsi Marubani Wanavyoshughulikia Mabadiliko ya Mwongoza Ndege kabla ya Kuruka

Wasafiri wa Karagwe na Kyerwa wanaorejea nyumbani kwa ndege kutoka Dar es Salaam hushukia Bukoba, kisha hufuata barabara ya Kyaka hadi Omurushaka, ambako njia za Kayanga na Murongo huachana. Tangu ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria, jirani na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19 kati ya 43 waliokuwamo, ni rahisi mjadala wa usalama wa anga mkoani Kagera kujikita katika kutua. Makala haya yanatazama upande mwingine: dakika chache kabla ya kuruka, pale mwongoza ndege anapobadilisha maelekezo ambayo marubani wamekwisha kuyafanyia kazi.

Chukulia uwanja wa Dar es Salaam. Njia yake kuu ya kurukia ina majina mawili, 05 na 23, kulingana na upande ambao ndege inaelekea. Upepo ukigeuka, mwongoza ndege huweza kubadilisha upande huo wakati ndege imekwisha kuanza kutembea. Kwake yeye ni badiliko la tarakimu mbili. Kwa marubani, karibu kila kitu walichokokotoa kinahitaji kutazamwa upya: kasi ambayo wakiipita hawawezi tena kusitisha kuruka, kasi ya kuinua pua ya ndege, uelekeo wa kwanza angani, na upande wa kukata kona iwapo injini moja itazimika. Upepo wa nyuma hurefusha mbio za ndege ardhini. Pia, wakiambiwa waingilie katikati ya njia badala ya mwanzoni, urefu waliokuwa wameupigia hesabu unapungua. Bukoba mambo hubana zaidi, kwa sababu ufuko wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na ndege ile ile yenye uzito ule ule huhitaji mbio ndefu zaidi.

Kwa hiyo utaratibu mzuri hauanzi na kutii upesi. Rubani mmoja hubaki na ndege na mwingine hushika redio, huandika maelekezo na kuyakariri kwa mwongoza ndege, naye husikiliza kama yamekaririwa sawasawa. Kisha marubani wote wawili hulinganisha walichosikia. Kama hesabu zimebadilika, ndege husimamishwa mahali salama, takwimu mpya huingizwa na kuhakikiwa, mpango wa kuruka huelezwa upya, na orodha ya ukaguzi iliyokatizwa huanzwa tena juu. Jibu la kwamba wasubiriwe, au kwamba hawawezi, ni haki yao kikanuni. Ugumu wake ni wa kijamii: nyuma kuna foleni, mafuta yanaungua, na abiria wamekwisha kufunga mikanda.

Gharama ya kitu kimoja kusahaulika ilionekana Nairobi tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 iliporuka bila vibawa vya mbele ya mabawa kufunguliwa. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Chanzo chake hakikuwa badiliko la mwongoza ndege. Tunaitaja kwa sababu inaonesha hatua moja ya maandalizi inaweza kubeba nini.

Mfano wa karibu zaidi na mada ni wa Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ndege ya KLM ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia ndipo ikapewa kibali cha safari, yaani maelekezo ya kufuata baada ya kuwa angani. Ndani ya kibali hicho mlikuwa na neno la kuruka. Rubani msaidizi alipokuwa angali akiyakariri, rubani mkuu alianza kuondoa ndege, huku ndege ya Pan Am ikiwa bado njiani mbele yao katika ukungu. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo kanuni za mawasiliano zilibadilishwa: neno la kuruka hutumika tu wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka, penginepo kote husemwa kuondoka.

Mawasiliano haya hufanyika kwa Kiingereza, lakini tofauti hiyo Kiswahili tayari kinayo, nasi tunaichezea. Matangazo ya viwanjani na taarifa za habari hutumia “kuondoka”, “kuruka” na “kupaa” kana kwamba ni neno moja. Tunapendekeza istilahi za kufundishia zitenganishe kibali cha safari na ruhusa ya kuruka, na zisiruhusu neno “ruhusa” peke yake libebe maana zote mbili. Abiria wa Kyerwa anayetangaziwa kwamba ndege “imeruhusiwa”, kisha akaiona imesimama kando kwa dakika kumi, hudhani pana hitilafu. Huenda hakuna hitilafu yoyote: marubani wamepewa njia nyingine, nao wanakokotoa upya.